Filimbi ya Bwawani

Jumatatu, 2 Machi 2009
Iandikwe kwa faida ya vizazi: leo mimi, Obonyo, muuza spea wa Kisenyi, nimeonekana hadharani na kaptura. Amri ya daktari. Sukari imepanda, nyayo zimekufa ganzi, basi nifanye mazoezi majini, kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Tuko kumi na mmoja, wote wa sukari, tunarukaruka kwenye bwawa la hoteli kama vyura wastaafu. Sista Lakot, mwalimu wetu, ametangaza: asiyekosa hata siku moja hadi Ijumaa ya wiki ijayo atapewa filimbi, awe kiongozi. Katembo, muuza vitenge wa Nakivubo, akatabasamu. Tutaona.

Jumanne, 3 Machi
Kiatu kipya kimenichubua kidole kidogo cha kushoto. Sikusikia kitu, nimeona damu kwenye soksi. Balaa! Sista hukagua nyayo kabla ya maji. Mwenye kidonda haruhusiwi kuingia.

Jumatano, 4 Machi
Akili ni mali! Tunakaa kwenye benchi, taulo magotini, tunatoa mguu mmoja mmoja. Nikatoa wa kulia. Nikaanzisha habari za mvua. Nikatoa wa kulia tena. Sista akasema nyayo zangu zinafanana kama mapacha.

Jumatatu, 9 Machi
Kidole kimevimba, cheusi. Hakiumi, kwa hiyo kinapona. Katembo alinivuta kando. "Mzee Obonyo, mguu ingine iko wapi?" Wivu mtupu. Nyumbani, mke wangu Teresa anauliza panya gani amefia chumbani. Nimemsaidia kutafuta.

Jumatano, 11 Machi
Homa. Baridi. Nimekwenda bwawani hivyo hivyo. Kulia, kulia, majini. Bado siku moja.

Jumamosi, 14 Machi
Naandika wodini. Jana nilianguka kwenye benchi kabla ya ukaguzi. Katembo alinibeba mgongoni hadi kwenye teksi, kaptura yake ikiwa kavu. Teresa aliponivua soksi alikaa sakafuni.

Amekuja leo, Katembo, na parachichi mbili. Kwa kunileta hapa alikosa mazoezi, kwa hiyo filimbi imekwenda kwa Mama Nakhisa, ambaye hata kuogelea hajui. Nimelala nikicheka peke yangu. Amekosa!

Darasa jipya linaanza Aprili. Mguu wa kulia hauna hata mkwaruzo.

Wa kushoto una vidole vinne.