Mwenza wa Mwikali Majini

Jumapili, 2 Novemba

Mbizi yangu ya kwanza nje ya bwawa! Hori la Tudor, maji yamejaa na kutulia, bado hayajaanza kupwa. Waseem, kiongozi wa chama chetu, katusomea sheria zake tena. Mkondo ukianza kuvuta, haingii mtu. Mwenye mafua abaki nchi kavu, la sivyo masikio yatamuuma. Na kila mtu na mwenza wake, wasiachane zaidi ya urefu wa mkono.

Urefu wa mkono! Nikamtazama Mwikali, mwalimu wa darasa la tatu, akiitemea mate miwani yake ya maji ili isifanye ukungu. Hata kutema anatema kwa adabu.

Nikapangiwa Fakhruddin, muuza misumari na makufuli wa Mji wa Kale. Nusu saa nzima natazama visigino vyake.

Jumatatu, 3 Novemba

Ofisini bandarini sikuandika hati hata moja ikatoka sawa. Niseme kweli, humu hamna msomaji. Sipendi kupiga mbizi. Nampenda Mwikali. Miaka minne tangu nihamie Mombasa napika chakula cha mtu mmoja. Nataka mtu wa kugeuka kunitazama kama bado nipo.

Jumatano, 5 Novemba

Siri nimeipata! Waseem hupanga wenza kwa hewa. Wanaomaliza mtungi haraka huenda pamoja, wanaopumua polepole pamoja. Mwikali hupumua kidogo kidogo. Mimi na Fakhruddin tunaifakamia kama pilau ya harusi. Basi Jumapili nitapumua nusu.

Jumapili, 9 Novemba

Nilipumua nusu. Kichwa kikaanza kugonga. Waseem akanitoa majini kwa kunishika mkanda, mbele ya watu. Akanieleza, kwa upole wa kuudhi, kwamba huko chini mtu habani pumzi hata siku moja, maana akipanda nayo mapafu yaweza kupasuka. Jumapili ijayo niwe mlinzi wa ufukweni, na orodha na saa. Nchi kavu!

Mwikali aliniletea maji ya kunywa, akauliza kama nimekula. Sikumjibu vizuri. Nilikuwa na shughuli ya kumkasirikia Waseem.

Alhamisi, 13 Novemba

Nimekwenda dukani kwa Fakhruddin. Nikayasifu makufuli yake robo saa, kisha nikamuuliza habari za goti lake. Linauma. Nikamwambia kazi ya mlinzi ni ya kukaa tu. Akakubali tubadilishane! Waseem naye kakubali, ila nipige mbizi na yeye mwenyewe. Si kitu. Mwikali atakuwa karibu.

Jumapili, 16 Novemba

Mwikali kaja na leso puani. Mafua! Alikwisha kumwambia Waseem kuwa ataketi na mlinzi, amsaidie kuhesabu watu. Kaleta chupa ya chai na vikombe viwili. Viwili! Mimi maji yalikuwa shingoni tayari, na mkono wa Waseem mkandani.

Fakhruddin kanywa vikombe vitatu. Kanihadithia baadaye kwamba chai ilikuwa na iliki na mahamri yalikuwa laini. Akaongeza, akijifuta ndevu, kwamba Mwikali aliniulizia sana. Nimerudi nyumbani nikakaa na kikombe kimoja mezani.

Jumanne, 18 Novemba

Kumbe jibu lilikuwa mbele yangu! Mwenye mafua hukaa nchi kavu. Mwikali yuko nchi kavu. Naoga maji baridi mara tatu kwa siku na kulala feni ikinipuliza usoni. Ofisini nimemwomba Jael, anayekohoa wiki nzima, nimalizie chai yake. Jael aliniuliza kama nina akili timamu.

Ijumaa, 21 Novemba

Chafya! Saba kabla ya kupiga mswaki. Matundu ya pua yameziba yote mawili. Sijapata kufurahi hivi.

Saa nne ujumbe wa Waseem ukaingia. Mwikali amepona, Jumapili anaingia majini. Na ameomba mwenza wake niwe mimi, kwa jina langu, Nicanor. Waseem anauliza afya yangu ikoje.

Nimemjibu kuwa niko buheri wa afya.

Sasa nimejifunika blanketi juu ya sufuria ya majani ya mkaratusi, machozi yananitoka. Tundu la kushoto limeanza kupitisha hewa kidogo. Moja latosha.