Gari la Umri wa Baba

Jumatatu, 3 Machi
Barua ya chama cha magari ya kale imefika. Msafara ni tarehe 29. Gari kongwe kuliko yote litatangulia, na dereva wake atapungia watu mkono. Nimejaribu kupunga mbele ya kioo. Napendeza!

Kikwazo ni shemeji, mume wa dada. Gari lake lilitengenezwa 1936, na hati anazo, kazitundika sebuleni kama picha ya harusi. Hati za letu zililiwa na panya. Baba, ambaye ni fundi magari na amelitunza miaka yote, husema tu kwamba yeye na gari lake ni umri mmoja, mwaka mmoja. Nikakimbilia kitambulisho chake. 1937! Lakini mwaka huo alikisia karani, kwa kumtazama usoni tu. Basi unaweza kuwa wowote. Mimi nautaka 1935.

Baba yuko kitandani chumba cha nyuma tangu mwezi uliopita. Daktari alimwambia dada maneno ambayo dada hataki kuyarudia. Leo baba ameomba jambo moja: nimzungushe na gari lake mpaka gereji yake ya zamani, kisha nimrudishe. Gari linawaka vizuri. Nikamwambia kesho, baba.

Jumanne, 4 Machi
Nimevumbua! Chini ya boneti kuna kibati cha namba. Namba ndiyo cheti cha kuzaliwa cha gari. Kibati kilikuwa kimepakwa rangi, nikachukua msasa. Nikasugua, rangi ikatoka. Nikasugua tena, king'ae. Namba nazo zikatoka! Imebaki tatu peke yake, na pengine ni nane.

Baba ameulizia safari yake. Nikamtuma dada aseme gari linaoshwa. Dada akasema uongo wangu niupeleke mwenyewe. Nikaupeleka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemleta fundi aliyewahi kufanya kazi chini ya baba. Anasema mwaka huwa umechapwa kwenye chuma cha injini, ubavuni, mahali pasipoonekana mpaka injini itolewe. Akanisihi nisiitoe. Kuitoa ni kazi ya asubuhi moja, alisema, kuirudisha Mungu ndiye anajua, na mzee anataka kutembea. Nikamwambia atoe.

Kumbe dada hana habari. Saa mbili alikuwa ameshamvalisha baba shati la kola, koti na viatu, akamkalisha kwenye kiti karibu na mlango wa mbele. Baba amekaa hapo mpaka saa sita, ametega sikio, anangoja kusikia gari likiwaka. Viatu vyake vimekuwa vikubwa, miguu imekonda mno. Niliona haya. Nikapitia mlango wa jikoni.

Ijumaa, 7 Machi
Injini iko juu ya matofali. Viti navyo tumevitoa, tukitafuta alama ya mwaka chini yake, viko uani. Tumeisafisha ubavu kwa mafuta ya taa, na mwaka ukajitokeza wenyewe: 38. Nilikaa chini palepale, juu ya oili.

Fundi akanipoza moyo. Huenda si injini iliyokuja na gari, alisema, zamani zilibadilishwa sana. Anayejua ni mtu mmoja tu, naye yuko chumba cha nyuma.

Jioni shemeji kaja na 1936 yake, imepigwa polishi mpaka inaumiza macho. Akajitolea kumzungusha baba. Mnafiki mkubwa! Baba alimshukuru, akakataa. Alisema atasubiri la kwake. Nilifurahi karibu niruke. Moja bila!

Jumamosi, 8 Machi
Nimeingia kwa baba na kalamu na karatasi. Alikuwa amevaa tena, koti, viatu na vyote, amelala juu ya shuka. Nikamwinamia sikioni, nikamwuliza kama aliwahi kubadilisha injini. Alitazama mikono yangu, imejaa oili mpaka viwikoni. Akauliza kama nimeifungua injini. Nikasema kidogo tu. Akauliza kama na viti nimevitoa. Nikasema na viti.

Hakunigombeza. Angenigombeza ningepumua. Alimwita dada, akamwomba amvue viatu.

Jumatatu, 10 Machi
Baba amefariki leo asubuhi, dada akimpa chai. Nimelia mpaka sauti imekauka. Nilimpenda baba yangu, katika hilo sina mzaha.

Jumanne, 11 Machi
Tumezika saa kumi. Jeneza lilitolewa kupitia uani, likapita kando ya injini yake iliyofunikwa turubai. Fundi akavua kofia. Shemeji alibeba jeneza upande wa mbele na kulia kweli kweli, jambo lililoniudhi.

Niliposhika udongo nikawaza kwamba sasa hakuna tena wa kuniambia kama injini ilibadilishwa. Kisha nikawaza kwamba hakuna wa kukanusha pia. Nikaona aibu sana. Halafu nikaendelea kuwaza.

Alhamisi, 20 Machi
Mchonga mawe alitaka mwaka wa kuzaliwa wa marehemu. Dada alisema tuandike ule wa kitambulisho. Nikamwambia asijisumbue, aniachie mimi. 1935! Tarakimu kubwa, zinasomeka kutoka barabarani. Nimepiga picha, nikaituma kwa chama pamoja na barua: marehemu na gari lake walikuwa wa mwaka mmoja, alilisema hilo mbele ya mashahidi, na mwaka wenyewe huo hapo kaburini. Shemeji na atundike hati zake hadi bafuni!

Leo dada ameliona jiwe. Alisimama mbele yake muda mrefu, mkono mdomoni. Nilijiandaa kwa matusi. Hakunitukana. Aliomba jambo moja tu: nirudishe injini, nirudishe viti, tulipitishe gari pale kaburini hata mara moja, baba alisikie likiwaka. Nikamshika bega, nikamwapia.

Nikamwambia kesho, dada. Leo nina kazi ya kung'oa vioo. Nimesikia navyo huwa na alama ya mwaka pembeni.