Uji Niliowapikia Walimu wa Editha

Jamani, leo nimepatikana. Mbele za watu, tena nikiwa na shati la kanisani.

Mdogo wangu Editha alikuwa anatetea mradi wake chuoni, hapahapa Songea. Akifeli, anarudia mwaka. Mimi ndiye baba na mama yake tangu wazazi walipofariki (niliishia kidato cha pili, sasa natengeneza baiskeli), kwa hiyo tangu juzi nahangaika utadhani mtihani ni wangu.

Wiki tatu amekuwa akinifanyia mazoezi mimi. "Kaka, ukielewa wewe, walimu wataelewa." (Asante sana.) Nikaelewa hivi: maji yakibanwa kwa mgandamizo mkubwa mno, uyapashe uwezavyo, hayatoi mapovu. Kuyapima katika hali hiyo ni hatari na gharama. Basi wataalamu wanapima gesi ya kaboni, maana yenyewe inafika huko kwa mgandamizo mdogo, kisha wanakokotoa maji yangepokeaje joto. Ila huwezi kuchukua namba za gesi ukazibandika kwenye maji kama zilivyo. Kila kitu kina tabia yake. Mradi wote ndio huo!

Nikasema niwapikie walimu uji, wamsikilize wakiwa na moyo mweupe. Nikaazima sufuria kubwa ya jumuiya yetu ya kanisani. Jana nikaijaribu kwa maji: mkaa karai moja, baada ya muda yakachemka yenyewe, hakuna aliyeyagusa. Safi! Leo asubuhi nikatia uji wa ulezi, mkaa uleule, muda uleule, nikaenda kupiga pasi.

(Ugali nasonga mimi. Uji siku zote hupika Editha.)

Ukumbini, mzee wa miwani aliyeongoza jopo akaonja. Akaweka kikombe chini polepole.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. (Nilikuwa nimeshamwamkia mara mbili.)

"Marahaba. Kijana, uji umeungua."

"Haiwezekani, mwalimu! Jana nilijaribu kwa maji!"

Editha akafumba macho.

Mzee akamgeukia. "Binti, weka karatasi pembeni. Kwa nini jana sufuria ilikuwa salama, leo imeunguza?"

Jasho likanitoka mpaka kwenye soksi. Editha akanitazama, nikajua anatafuta namna ya kunisitiri. Nikamtikisia kichwa: sema!

"Kaka amehamisha kipimo cha maji kwenye uji bila kubadili chochote," akasema. "Maji yanazunguka, yanapandisha joto juu. Uji ni mzito, wa chini umeganda palepale, joto likakosa njia, sufuria ikazidiwa. Ndilo kosa ninalolipinga kwenye mradi."

"Na huyu kaka ulishamweleza?"

"Wiki tatu, mwalimu."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Mzee akavua miwani, akafuta machozi, akaandika alama.

Amefaulu. Mimi ndiye niliyekuwa mfano hai.

Mkinikuta mjini kesho, nisalimieni tu halafu mpite.