Kuhusu Mafuta ya Mkaratusi na Bibi Yangu Aliyezuiliwa Kabuchai

Jotham Wekoye,
Muuza Mafuta ya Miti,
Soko ya Kimilili.
Jumanne, 13 Machi 2007

Kwa Bwana Munene, Afisa wa Afya, kwa ile ofisi yenye mlango ya kijani.

Bwana Munene,

Nakusalimia kwa roho safi. Najua ukiona jina yangu kwa bahasha utafikiri nimekuja kugombana. Sivyo. Mimi sina ubaya na wewe. Hata ile siku ulibeba katoni yangu ya chupa, si mimi ndiye nilikusaidia kuifunga kwa pikipiki, tena na kamba yangu, na kamba bado sijaitisha. Naandika tu kwa sababu nikikuja ofisi yule karani wako anasema umeenda mkutano, na mimi nakuona kwa dirisha ukikunywa chai.

Kama umesahau, mimi ni yule wa spika na meza ya kitambaa nyekundu. Nauza mafuta ya mkaratusi, ya mchaichai na ya karafuu. Natoa kwa Hashim kule Kitale, duka yake iko nyuma ya msikiti, naiweka kwa chupa ndogo ndogo, nazunguka nayo Kimilili mpaka Bungoma mjini. Miaka tatu nimekuwa nikiambia watu vitu tatu: paka, vuta mvuke, kunywa. Paka hukuwa na neno. Mvuke hukuwa na neno. Ni hiyo kunywa imetuleta hapa.

Shida yangu iko hivi. Baba mkwe wangu, Mzee Wabwile wa Kabuchai, alikunywa hii mafuta akafika hospitali. Alipona, namshukuru Mungu. Lakini bibi yangu Wilkista alienda kumuuguza, na sasa mzee amekataa arudi kwangu. Amesema msichana wake hawezi kulala nyumba moja na sumu. Hii ni wiki ya tatu. Mimi ndiye napika ugali, inatoka na mabonge, watoto wanaila wakiangalia mlango. Nilituma shemeji yangu Wangila aende aniombee, akarudi na jibu moja tu: mzee anataka karatasi ya serikali, yenye muhuri, inasema hii mafuta mtu anaweza kunywa na isimdhuru. Karatasi ikifika, Wilkista anarudi. Isipofika, nimsahau.

Kwa hivyo nakuomba hiyo karatasi. Na kwa sababu najua utakataa, nimekuandikia malalamiko yangu na namba, ndio usipotee njiani.

MOJA. Kikombe. Siku ya soko ulikuja mbele ya meza yangu, na wateja wamejaa, ukaitisha kile kikombe nyeupe nyepesi cha povu, cha kubebea chai. Ukamimina mkaratusi yangu ndani. Ukangoja, ukiwa umekunja mikono kama mtu anayengoja picha. Kikombe ikalegea, ikatoboka chini, mafuta ikamwagikia kiatu yako. Ukageukia watu ukasema, "Mmeona wenyewe. Sasa fikirieni tumbo." Wamama ambao walikuwa wameshafungua fundo ya leso wakafunga tena.

Hiyo haikuwa haki bana. Tumbo sio kikombe. Mimi nimeishi na tumbo miaka thelathini na nane, najua tofauti. Tena ungekuwa mtu wa kufikiria mbele ungeuliza hivi: kama mafuta inaweza kumaliza kikombe kizima, mnyoo itabaki na nini? Nilisema hayo maneno hapo hapo kwa spika, watu wakacheka, na wewe badala ya kujibu ukatoa kitabu ukaandika jina yangu.

MBILI. Mbuzi. Nilipokuambia hii ni kitu ya miti, Mungu mwenyewe ameipanda, haina kemikali, uliniuliza, "Jotham, umewahi kuona mbuzi ikila majani ya mkaratusi?" Kusema ukweli nilizima spika, kwa sababu mbuzi za hapa zinakula karatasi ya simenti, zinakula shati kwa kamba, moja ya jirani ilikula barua ya mtoto ya kuitwa sekondari, na mkaratusi inapita hapo kando kama haioni. Nilienda nyumbani na hiyo swali nikalala nayo. Sasa nimepata jibu. Mbuzi haina kikohozi. Mtu mzima hawezi kunywa dawa ya ugonjwa hana. Naomba uiandike hiyo kwa kitabu yako, chini ya jina yangu.

TATU. Nyungu. Hii ndiyo kubwa, nitaeleza pole pole.

Mwezi uliopita, tarehe ishirini, nilienda Kabuchai kusalimia wakwe. Mzee Wabwile alikuwa ameita wenzake wakunywe kutoka kwa nyungu. Ile kitu ilikuwa kwa nyungu mimi nitaiita uji, kwa sababu wewe ni mtu wa serikali na mimi ni mkwe mwenye adabu. Walikuwa wazee kumi na mbili pamoja na yeye, nyungu moja katikati, kila mtu na mrija yake ndefu mkononi. Kwetu mkwe hakai karibu na wakwe, kwa hivyo nilikaa pale mlangoni, nikawa nasikiza vile wanakohoa. Huyu akikohoa, yule anamjibu. Nikaona, Jotham, hapa ndio pa kuonyesha wazee kwamba Wilkista hakuolewa na mtu bure. Nikaomba ruhusa na heshima yote, nikatoa chupa moja ya mkaratusi, nikamimina yote kwa uji.

Harufu ikapanda. Mzee mmoja akasema inanuka kama wodi. Mwenzake akamjibu, "Basi vuta, leo tunalewa na kutibiwa pamoja." Samahani, alisema leo tunashiba.

Wakavuta kutoka saa nane mpaka jua ikaelekea kulala. Hakuna mtu aliumwa. Wakanisifu. Wakaaga, wakaenda na miguu yao, vile hiyo miguu huenda siku kama hiyo. Sasa desturi ya hapo ni kwamba mwenye boma ndiye anamaliza nyungu. Kuiacha na kitu ndani ni kama kufukuza baraka. Mzee akabaki peke yake na mrija yake, akavuta ya mwisho. Haikupita muda akashika mdomo, akasema unawaka. Akatapika. Halafu akakaa hivyo, macho wazi, unamuita jina na hasikii. Wangila akampakia kwa baiskeli, mimi nikimshikilia kutoka nyuma, mpaka hospitali. Nakuambia ile safari sikufanya mzaha hata mmoja. Daktari akamlaza siku tatu.

Wewe uliandika kwa ripoti: mafuta. Mimi nimefikiria sana na nimempata mkosaji mwenyewe. Ni mrija. Mrija yetu iko na kichujio huko mwisho, na inasimama chini kabisa ya nyungu, inavuta uji ya chini. Mafuta nayo inaelea juu, kama mafuta kwa supu. Kwa hivyo wale wazee kumi na moja walivuta uji tupu mchana mzima, na uji ikipungua mafuta ikawa inashuka nayo pole pole, ikimtafuta mzee. Dawa ya watu kumi na mbili ikaingia mtu mmoja. Hiyo ni makosa ya mafuta kweli? Ningekuwa wewe ningepita Kabuchai yote nikamate mirija, nifunge kwa stoo, na chupa za Jotham nizirudishe na pole.

NNE. Hashim. Ulichukua simu mbele yangu ukampigia, ukaweka sauti kubwa ndio nisikie. Hashim ni rafiki yangu, lakini siku hiyo alinimaliza. Akasema, "Bwana Afisa, Jotham nimemwambia tangu siku ya kwanza. Hii ni ya kuvuta mvuke, tone mbili tatu kwa maji moto. Na ya kupaka, achanganye kwanza na mafuta ya kupikia. Kunywa hapana. Nilimwandikia kwa katoni." Bibi yake Sabiha akadakia huko nyuma, "Mwambie hata ya karafuu, asianze kusema hiyo hukutaja."

Ni kweli aliandika kwa katoni. Lakini hiyo katoni ya kwanza si nilipatia mama wa nyanya, sasa mimi nitasomea wapi? Na ukitaka kujua, Hashim anasema hivyo kwa sababu yeye anauza akiwa ameketi. Mtu ameketi anaweza kusema ukweli siku yote. Mimi nauza nikiwa nimesimama, kwa jua, na mtu wa sabuni upande huu na mtu wa dawa ya panya upande ule, wote wako na spika. Nikisema "paka peke yake" watu wanaenda. Nikisema "kunywa" wanarudi. Hiyo sio mimi nimetengeneza, watu wetu hawaamini dawa haijapita kwa mdomo. Ungekamata watu, sio mafuta.

TANO. Ripoti yako iliandika mabaya tu. Faida hukuweka hata moja, na mimi nilikuwa nimekutajia. Mzee alipotoka hospitali, wiki nzima mbu haikumkaribia. Alikuwa analala bila neti. Pili, ugoro aliacha, kwa sababu mdomo ilikuwa na vidonda. Padri amemwombea miaka kumi aache ugoro na hakuweza. Mimi nimeweza na chupa moja. Tatu, watu kumi na moja kati ya kumi na mbili walikunywa wakabaki wazima. Mtoto akileta kumi na moja kwa kumi na mbili kutoka shule, utamchapa? Najua utaniambia kwa namba tatu nimesema hao kumi na moja hawakuonja mafuta. Sawa. Lakini walivuta harufu, na nia walikuwa nayo.

SITA na ya mwisho. Nimekurahisishia kazi. Karatasi yenyewe iandikwe hivi: "Mimi Munene, Afisa wa Afya, nimechunguza mafuta ya Jotham Wekoye nimeona ni salama kwa tumbo ya binadamu isipokuwa anayetumia mrija. Wilkista arudi kwake." Hapo unaweka muhuri. Hayo maneno ya Wilkista usiruke, ndiyo nimeandikia barua yote. Na ukiona hauwezi kunipatia peke yangu, basi toa amri ya kila mtu, kila nyumba ikunywe kijiko moja asubuhi, tukose mbu hapa mpaka Bungoma, na mimi niwe sijapendelewa.

Nisalimie mama watoto, na watoto. Nisalimie karani, mwambie simlaumu, kazi ni kazi. Nisalimie yule mama anapika chai ya ofisi, na askari wa lango, bado ananuia kununua mchaichai. Mimi niko hapa hapa sokoni, simu yangu ukiflesh, iite mara moja tu ukate, nitapiga.

Ni mimi mwenye kukungoja,
Jotham Wekoye.

Nyongeza: Bwana Munene, nilikuwa nimeshalamba bahasha ndio Wangila akafika kutoka Kabuchai, jasho imemjaa. Mzee amebadilisha maneno. Amesema karatasi ya serikali hata shamba yake iko nayo na bado wanamsumbua. Ati sasa anataka nikuje Jumapili, watu wakitoka kanisa, nikae mbele ya wale wazee wote, nikunywe kijiko moja ya mkaratusi, bila uji na bila mrija. Nikibaki nimesimama, nichukue bibi yangu niende. Kijiko ameshachagua, Wangila ameiona, ni ile ya kupakulia mboga. Na kama haujui desturi yetu, kitu baba mkwe amekupatia na mkono yake hauwezi kukataa, hata ukilia. Mwenye anaweza kumkataza ni serikali peke yake.

Kwa hivyo ile karatasi ya kwanza wacha. Andika ingine. Sema hii mafuta ni ya kupaka na ya mvuke, na ni marufuku mtu kuinywa, hata tone, hata kama ni yeye anaiuza. Hapo pa mwenye kuuza weka herufi kubwa. Mimi tangu nianze hii kazi sijawahi kuonja, na sioni sababu ya kuanza sasa, niko na watoto. Wilkista ametuma neno na Wangila, amesema yeye mwenyewe hataki nikunywe, anataka tu nisimame mbele ya babake niseme nilikosea. Nitasema. Nitasema hata mara mbili. Lakini na wewe ukuje, uvae ile koti nyeupe, na usikuje umechelewa, na saa ya serikali. Mahubiri ya huko ni mafupi.