Kanga za Thuwaiba na Udiwani Wangu

Jumanne, 5 Agosti
Kura za maoni za chama zimetoka. Mimi, Msabah: nne. Waliokula pilau yangu: ukumbi mzima. Wajumbe walishiba, wakaniombea dua, wakaitikia amin kwa sauti, kisha wakampa Tahir. Barazani Michenzani wananambia nisubiri miaka mitano. Nisubiri nini? Nahamia chama kipya.

Jumatano, 6 Agosti
Nimemweleza mke wangu. Thuwaiba hana maneno mengi. Akiwa na lake juu ya mtu, humvalia kanga. Mtaa mzima unamwogopa. Jioni kajitanda mpya: MKATAA PEMA PABAYA PANAMWITA. Bila shaka anawasema wajumbe walionikataa. Mke wa kisiasa huyu!

Ijumaa, 8 Agosti
Nimerudisha kadi ya zamani mbele ya watu, kwa mbwembwe. Barazani, nafasi yangu karibu na birika la kahawa nshanyang'anywa, kakaa mwenzetu Ubwa. Haidhuru. Nikapanda ofisi ya chama kipya, juu ya duka la misumari Darajani, nikitaraji kupokewa kama bwana harusi. Nimewakuta wenzangu wote tulioangushwa Jumanne, akiwamo Abdulwahid. Kila mmoja kaja kuokoa nchi, kwa udiwani uleule. Mwenyekiti kasema basi, nasi tupige kura za maoni.

Nyumbani, kanga nyingine: MBIO ZA SAKAFUNI HUISHIA UKINGONI. Maskini Abdulwahid, hata mke wangu keshamjua.

Jumapili, 10 Agosti
Muungwana hajipigii kura. Ndivyo tulivyokubaliana mimi na Abdulwahid: nimpe yangu, anipe yake. Tukapeana mikono. Matokeo: Abdulwahid mbili, wengine moja moja, mimi sifuri. Kumbe muungwana nilikuwa peke yangu. Kanikumbatia, kanishukuru kwa moyo wangu mweupe. Nilitaka kulia, nikacheka.

Jumatatu, 11 Agosti
Nimeamka, nyumba kimya. Thuwaiba kaenda kwa mama yake Makunduchi, na sanduku lake. Roho imeniuma, sikufichi. Kitandani kaniachia kanga: SIKIO LA KUFA HALISIKII DAWA.

Nimekaa nayo asubuhi nzima. Mwisho nikaelewa: hiyo ni kaulimbiu! Inamkata Tahir, inamkata Abdulwahid. Mwanamke kaondoka kwa hasira, lakini kampeni yangu hakuisahau. Nasikia kuna chama cha tatu, nacho hakijapata mgombea. Adhuhuri naenda Darajani kununua jora zima la kanga hii, niwagawie kinamama wa wadi yetu.