Mdhamini Wangu wa Mfukoni

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji ametangaza mezani, huku anamenya chungwa kana kwamba hasemi neno: mama yake anakuja Jumapili kukaa nasi. Atalala chumbani kwangu. Nikipata kazi kabla ya hapo, nitavumiliwa sebuleni mpaka mshahara wa kwanza. Nisipopata, niende kwa mjomba, kwenye mashine ya kusaga, nikapakwe unga mpaka kwenye kope. Dada aliangalia sahani yake tu. Hata kunitetea hakunitetea!

Nikaenda semina ya ajira kwa wahitimu. Bure. Hapo tu nikashtuka. Mwezeshaji, mama mmoja wa miwani, akatuasa tusidanganye kwenye CV, tuwaarifu wadhamini wetu mapema, tupokee kila simu kwa adabu. Mtu ajue siri za kupata kazi halafu azigawe bure? Hainiingii akilini. Lazima ana mwanawe anayetafuta kazi. Niliandika yote aliyosema, na juu ya ukurasa nikaandika: FANYA KINYUME.

Jirani yangu Faili (hatembei bila faili la plastiki kwapani, hata akienda kununua chumvi) alikaa kiti cha mbele, anaitikia kila kitu. Akaniuliza naomba kazi wapi. Ya nini?

Jumanne, 4 Machi

Kiwanda cha magodoro kinatafuta karani wa ghala. Kazi yangu hiyo! Nimesomea ugavi miaka mitatu. Shida ni mdhamini. Mwalimu aliyenisimamia ananijua vizuri mno. Nikapata wazo. Ninayo laini ya pili, kwenye kisimu changu cha tochi. Nikaandika namba hiyo, na juu yake: Meneja Mkuu Mstaafu, miaka thelathini kazini. Nani atanisifu kunishinda mimi mwenyewe?

Mama wa steshenari akachapa, akasita. Akasema namba ya huyu mstaafu mbona ndiyo ile anayoiwekea vocha nikija kwake. Nikamwambia mzee hunituma. Akacheka peke yake. Simwamini hata kidogo. Nilimsimamia mpaka akafuta kila kitu kwenye kompyuta.

Jumatano, 5 Machi

Usaili. Afisa ajira wa kiwanda, mwanamke mpole (mpole mno!), alinipa karatasi ya hesabu ya ghala, akataka nitafute kosa. Dakika nne tu. Magodoro kumi na mawili yameingia, hayakutoka, na hayapo. Akatabasamu. Moyo wangu ukaruka, siwezi kuficha.

Natoka, nani yuko kwenye benchi? Faili! Akanipa mkono, akauliza nimewaweka akina nani wadhamini. Aha. Kwa hiyo anataka kuwapigia. Nikamwambia sikumbuki.

Jioni nimejifungia bafuni kufanya mazoezi ya sauti ya mzee. Dada akagonga, akauliza kama kifua kinanibana. Akaniletea maji ya moto na limao. Niliona haya kidogo, nikayanywa.

Alhamisi, 6 Machi

Saa tatu asubuhi kisimu kimelia. Sauti ya kike. Ati anapiga kutoka kiwanda cha magodoro, anaomba maoni yangu kuhusu kijana fulani. Mimi! Wala si sauti ya yule afisa. Huyu alikuwa na mafua. Nikamtambua mara moja: dada yake Faili. Ana mafua tangu wiki iliyopita, namsikia kila siku dirishani akipiga chafya.

Nikafikiri haraka. Faili akijua nina mdhamini mzito, atanichimba. Akiamini sina lolote, ataniacha. Nikakohoa kizee, nikasema kijana huyo ni mvivu, mwongo, na wasimkabidhi hata ufunguo wa choo.

Akapiga chafya. Halafu akasema, "Ahsante kwa kutuambia ukweli, mzee. Tulishamchagua. Tulikuwa tunasubiri neno lako tu."

Kuigiza anajua! Nimecheka mpaka machozi.

Ijumaa, 7 Machi

Ujumbe umeingia kwenye simu yangu ya kawaida. Wanasikitika. Kutokana na maelezo ya mdhamini wangu, nafasi amepewa mwingine. Namba ni ileile ya jana. Nimekaa kitandani. Kitanda chenyewe kinasubiri mama mkwe wa dada.

Nikakimbia kiwandani. Afisa akanipokea vizuri, ana leso puani. Mafua! Nikamwambia yule mzee ni mnafiki, ananichukia tangu nilipogundua wizi wake ghalani. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema basi haki itendeke, ampigie hapohapo, tuseme naye sote. Nikamwambia mzee amelazwa. Akasema hata hivyo atampa pole. Akabonyeza.

Mfuko wangu ukalia. Kwa sauti kubwa. Ule mlio wa jogoo.

Afisa akautazama mfuko, akanitazama mimi.

"Pokea, mzee," akasema.

Sikumbuki nilivyotoka. Nakumbuka mlinzi akinifungulia geti na kunipa shikamoo.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amefika, ana masanduku matatu. Lori la kwenda kwa mjomba linaondoka saa nane. Shemeji amenibebea begi mpaka nje, haraka haraka.

Kazi amepata Faili. Amekuja kuniaga. Amesema kiwanda kitahitaji karani wa pili baada ya miezi miwili, niende nikamwombe afisa radhi, yeye atakuwa mdhamini wangu. Atawaambia kwamba kwa hesabu nampita mbali. Hivi mtu anaweza kusema hivyo bila sababu? Nimemwambia nitafikiri. Sitafikiri.

Dada ameniwekea shuka na sabuni. Kisha akanishika mkono.

"Si ungeniandika mimi," akasema. "Ningewaambia ukweli, na ungetosha."

Nimelia, sitadanganya. Baadaye nikajiuliza: ukweli upi? Ana yapi ya kuwaambia huyu?

Lakini makosa ni kujifunza, na kosa langu nimeliona. Nimeandika CV mpya hapa hapa nyuma ya lori. Mdhamini ni yuleyule. Kisimu nimekizima mlio, sasa kinatetemeka tu.