Tuta la Moto na Nyanya za Mama Mkwe

Jumatatu, 7 Julai

Baridi kali. Meno yanagongana. Lakini leo nimepata dawa! Redio imeeleza jinsi wakulima wa zamani walivyootesha mbegu katikati ya baridi. Unachimba shimo, unalijaza samadi mbichi, unaishindilia, unainyunyizia maji, unaweka udongo juu, unafunika kwa kioo. Hilo ndilo tuta la moto. Samadi ikioza inatoa joto. Mbegu zinadhani ni kiangazi. Mtangazaji alikuwa bado anaendelea. Nikazima. Mimi nikielewa, nimeelewa.

Mwaka huu Bwana Afya atanikoma. Jirani yangu huyu, afisa afya mstaafu, kila msimu nyanya zake huiva kwanza. Halafu hupita na bakuli mbele ya dirisha langu, eti anampelekea mgonjwa. Mgonjwa gani huyo asiyepona?

Jumanne, 8 Julai

Samadi nimepewa na mwenye mkokoteni wa punda. Ameniuliza ya nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu. Akanitazama kama ninavyotazamwa nyumbani. Nimeisomba kwa toroli, nenda rudi, mgongo umekwisha kazi.

Kioo kilikuwa tatizo. Si tena. Dirisha la bafuni lina kioo kizuri na hakuna anayelitazama. Nimeling'oa na fremu yake. Mke wangu ameoga na upepo. Alipotoka aliuliza tu litarudi lini. Nikasema karibuni.

Alhamisi, 10 Julai

Tuta linafuka mvuke! Nimetumbukiza mkono, nikauchomoa mbio. Moto kweli kweli! Bwana Afya amechungulia juu ya ukuta, kaziba pua. Akanihubiria habari za nzi na kuhara. Nikamwambia wivu nao ni ugonjwa, ajitibu kwanza.

Sasa mbegu. Mama mkwe ana nyanya zake ndefu, nyembamba, tamu ajabu. Anazipanda tangu mke wangu akiwa mtoto. Baridi ya mwaka jana ilimuulia miche yote. Kilichobaki ni mbegu chache ndani ya kichupa cha dawa, amempa binti yake atunze. Mke wangu amekificha kabatini, akaniambia nisikiguse mpaka baridi iishe. Lakini mama mkwe anakuja Jumapili ya wiki ijayo. Hebu fikiria akute miche imesimama! Atanipenda. Au basi ataniitikia salamu vizuri.

Nimepanda zote. Kioo nimekiacha wazi kidogo, mvuke upate pa kutokea.

Ijumaa, 11 Julai

Uvamizi! Nimemkuta kuku mwekundu wa Bwana Afya katikati ya tuta langu, macho kayafumba, anaota joto. Kabla ya kulala alikuwa amechakura weee, udongo kaurusha mpaka ukingoni kabisa. Nimemtoa kwa fagio. Nikaenda kulalamika. Bwana Afya akasema kuku wake ana akili, anajua penye joto, na aliyeacha mlango wazi si kuku. Nimerudi kwangu.

Jumamosi, 12 Julai

Balaa. Redio imerudia kile kipindi. Mke wangu anachambua mboga, mimi nanyoosha mgongo. Nikamwambia asikilize apate elimu. Mtangazaji akafika pale nilipozima siku ile. Akaendelea. Akasema kosa kubwa ni kupanda upesi. Joto la kwanza ni la kuua, lazima lisubiriwe lipoe. Ukiwa na haraka, mbegu zinapikwa.

Zinapikwa! Nikatoka mbio, nikafukua. Zilikuwa zimevimba na kulainika kama maharage ya jana. Nilichukua gunia nililojifunika begani kwa baridi, nikalitupa ukingoni mwa tuta kwa hasira. Nilipogeuka, mke wangu yuko nyuma yangu. Ameshika kichupa kitupu. Nilikisahau ndani ya toroli, bingwa mimi.

Hakupiga kelele. Alisema, "Hizi ndizo zilizokuwa zimebaki. Na ulijua."

Akaingia ndani. Nimeumia sana. Bora angenitukana.

Jumanne, 15 Julai

Chakula napata, maneno sipati. Nimerudisha dirisha la bafuni. Limekaa upande, lakini limekaa. Nimezunguka soko zima nikitafuta nyanya za namna ile nikamue mbegu. Wauza mboga wote wanasema hawajaziona maishani. Nafikiria kuugua siku ya Jumapili. Homa, labda. Mgongo hautatosha.

Jumamosi, 19 Julai

Bwana Afya amebisha hodi asubuhi. Nikajua ni harufu, nikajiandaa kwa vita. Kumbe amemfuata kuku wake. Kuku yuko ukingoni mwa tuta, amelivuta lile gunia langu pembeni, anataka kuchakura. Bwana Afya akamdaka, akanielekeza chini kwa kidole.

Miche! Ya kijani! Shingo zimejikunja, majani mawili mawili! Nilipiga magoti palepale kwenye samadi. Udongo aliourusha kuku ulikuwa na mbegu. Pale ukingoni joto ni la wastani, na gunia limewafunika watoto wa watu wiki nzima.

Nikamwita mke wangu kwa sauti ambayo sikujua ninayo. Akainama, akagusa mmoja, akagusa mwingine. Akalia. Kisha akacheka, akanipiga kofi la bega, akasema nimshukuru kuku. Ameniita baba watoto! Sijaitwa hivyo wiki nzima. Afadhali! Kifua kimekuwa chepesi, nimekula sahani mbili. Bwana Afya ameomba mche mmoja. Nimempa. Ule mwembamba kuliko yote.

Jumapili, 20 Julai

Mama mkwe amefika. Shikamoo yangu ameipokea vizuri kabisa. Tulipompeleka kwenye miche aliinama, akagusa majani moja moja. Halafu akanishika mkono.

"Mwanangu," akasema, "nilidhani nyanya zangu ndiyo basi tena."

Akauliza nimefanyaje. Nikamwambia ni ufundi wa zamani, na subira. Mke wangu akapaliwa na chai. Kuku sikumtaja. Kuku akisifiwa anaharibika.

Kitu kimoja tu kinamsumbua mama mkwe: chumba cha wageni kina baridi, miguu inamuuma. Nimekwenda kuangalia. Sakafu ni ya mbao, na chini yake kuna uvungu mkubwa, mkavu, hauna kazi yoyote. Na redio jioni hii, kama vile inanisikia, imeeleza jinsi watu wa zamani walivyopasha nyumba joto kwa samadi. Mtangazaji akaanza kusema kuna tahadhari moja muhimu sana.

Nikazima. Kesho asubuhi nampitia mwenye punda.